Simu Zenye Adabu

Elinipendo hakuwa mtu wa kushangilia upesi. Maisha yalishamfundisha kwamba kitu kizuri kikimjia mtu kwa urahisi mno, kuna mkono nyuma unaokisukuma. Kwa hiyo Alhamisi ile, Bwana Gidioni, meneja wa hoteli, alipompigia makofi na kumwambia amefaulu majaribio, aanze kazi Jumatatu, yeye alishukuru, akatabasamu kama inavyotakiwa, na moyoni akajiuliza: mbona simu zote zilikuwa na adabu?

Maana simu za mjini hazina adabu. Alikuwa amekaa mwaka mzima chuoni Dar es Salaam akijifunza uopereta wa kuunganisha simu, tena kwenye swichibodi ya kweli ya ofisi ya kweli, na alijua watu wanavyopiga simu. Wanafoka kabla hujaitika. Wanakata katikati ya neno, kisha wanapiga tena kukulaumu kwamba umewakata. Wanaingia watatu kwa mara moja na kila mmoja ana haraka kuliko mwenzake. Lakini siku ya majaribio simu ya kwanza iliingia, ikaisha, pakawa kimya kidogo, ndipo ya pili ikaingia, kama waumini waliopanga foleni ya kwenda kwenye meza ya Bwana. Hakuna aliyekata wala aliyekosea namba. Na yule mwanaume aliyeomba chumba namba tisa, mwenye sauti nzito, anayevuta pumzi kwanza kama anapanda kilima, alimaliza kwa kusema, "Asante dada, ubarikiwe."

Tangu lini mpiga simu wa hoteli akambariki opereta?

Alimwuliza Jovin, mpenzi wake aliyemleta pale, walipotoka nje, wakitembea chini ya miti kuelekea stendi. Jovin alicheka, akasema hata baraka sasa Eli anaishuku. Kisha akamshika mkono. Na Elinipendo, tuseme ukweli, mkono ule ukimshika maswali yake yalipungua makali. Ulikuwa mkono mkavu, wa moto, na sweta yake ilinuka moshi wa kuni na petroli ya magari ya kupeleka wageni mlimani. Hakuwa amewahi kuuona uso wa Jovin na hakuwa na hamu nao sana. Alichokitamani ni ile namna anavyonyamaza kidogo kabla ya kutaja jina lake, kana kwamba jina lenyewe lina uzito.

Alikuwa haoni tangu surua ilipompata akiwa na miaka minne. Alisoma shule ya bweni ya watoto wasioona, na huko walifundishwa nukta nundu, kupiga taipu, kusuka vikapu na kusema asante. Hilo la mwisho walifundishwa vizuri kuliko yote. Hakuna aliyewafundisha namna ya kuingia ofisini kwa mtu na kusema, mimi ninaijua kazi hii, nipe. Kwa hiyo aliporudi Moshi na cheti chake cha uopereta, mwaka ule wa tisini na tano ambapo hoteli za watu binafsi na kampuni za utalii zilikuwa zinachipua kila mtaa, alizunguka mlango hadi mlango bila kupata pa kuanzia. Kwenye lango moja mlinzi alimwekea sarafu kiganjani kabla hajasema alichofuata.

Jovin alikuwa karani kwenye kampuni mojawapo ya kupandisha wageni mlimani. Elinipendo alipoingia mle, ameshachoka na ameshaandaa asante yake ya kuondokea, Jovin alimvutia kiti na kumwuliza, "Unajua kufanya nini?"

Alibaki kaduwaa. Mji mzima hakuna aliyekuwa amemwuliza hivyo. Nafasi haikuwepo pale, lakini swali lile alikwenda nalo nyumbani, akalala nalo, na penzi lao likachipua kutoka hapo.

Mama yake, Eunike, hakulipenda penzi hilo, wala hakuficha. Ijumaa, wakichambua maharage barazani, alirudia yale yale. Kwanza huyo kijana ni Mkatoliki wa Kilema na wao ni Walutheri tangu enzi za babu. Pili, Kilema kumejaa wasichana wenye macho yao mawili na kuni vichwani. Kwa nini yeye avuke mabonde kuja huku? Tatu, Eli hana kaka, na kihamba hiki cha kahawa na migomba kitabaki kwa nani?

"Labda ananipenda, mama."

"Labda. Hata ng'ombe anampenda anayemkatia majani." Eunike alitupa maharage mabovu uani, kuku wakayakimbilia. "Mwanaume anayekuja mikono mitupu namwelewa. Huyu anakuja kila kitu kimeshakuwa tayari. Kazi tayari, kesho posa tayari. Mwanangu, mimi nimefuga na nimeuza. Kitu kinachokuja tayari nakigeuza kwanza nitazame chini yake."

Elinipendo alimwambia mama aache. Lakini usingizi ulikuwa mgumu, maana mama alikuwa amelisema kwa sauti lile ambalo yeye alikuwa analikalia kimya tangu Alhamisi.

Jumamosi wageni wakaja. Alikuja Mzee Kornel, baba mkubwa wa Jovin, ambaye ndiye msemaji wa ukoo. Alikuja Jovin, kanyamaza kuliko kawaida yake. Na alikuja rafiki wa Jovin aliyebeba mtungi wa mbege, pombe ya ndizi iliyopikwa na mama yake Jovin mwenyewe, Mama Mektrida. Eunike aliwakaribisha kwa ukavu wa mtu anayelipa kodi. Shikamoo zikapita, marahaba zikapita, habari za mvua na kahawa zikaulizwa na kujibiwa.

Rafiki yule alitua mtungi. Akavuta pumzi kama anapanda kilima.

"Hongera ya kazi, dada," akasema. "Ubarikiwe."

Elinipendo aliuliza jina la mgeni. Akaambiwa ni Rogath, anaimba besi kwenye kwaya ya parokia pamoja na Jovin. Akasema ahaa. Akasema karibu sana. Akakunja mikono juu ya magoti, akangoja.

Mzee Kornel alieleza kilichowaleta, kwa mafumbo ya heshima: kwamba wameona mgomba mzuri kwenye shamba la jirani wakatamani chipukizi. Eunike akateka mbege kwa kata. Katika nyumba ile ilikuwa desturi kwamba mama hanywi mpaka binti aseme, maana mama akishameza maneno yamekwisha.

"Eli," akasema Eunike, kata mkononi. "Tunywe?"

Elinipendo alisikia jinsi Jovin alivyozuia pumzi, na kwa kitambo kidogo moyo wake ulimsihi aseme ndiyo na mengine yatajisahau.

"Nina swali kwa mgeni wetu kwanza," akasema. "Kaka Rogath, chumba namba tisa, ulimpata uliyemtaka?"

Kiti kililia.

"Chumba gani, dada?" Rogath alijibu, lakini alisahau kuvuta pumzi, na sauti ikamtoka nyembamba.

Eunike alirudisha kata kwenye mtungi. Alisema kwamba yeye haelewi habari za vyumba, ila anaelewa mtu anayetoka jasho kwenye kivuli, na mtu huyo amekaa pale. Mzee Kornel naye akawa anauliza ni chumba gani, cha nani. Jovin akasimama.

"Eli, tuongee nje. Tafadhali."

Walitoka mpaka kwenye mfereji unaopita kati ya mibuni. Elinipendo alitangulia, maana pale palikuwa kwao na kila shina alilijua. Alisimama, mgongo kwenye mgomba.

"Ni kwaya nzima, au wachache?"

"Besi na teno tu," Jovin alisema.

Siku nyingine wangecheka wote wawili. Jovin alieleza, maneno yakigongana: kwamba alikwenda kwa Bwana Gidioni, ambaye kampuni yao humletea wageni, akaomba saa iliyotulia. Kwamba aliwapanga vijana wa kwaya, wengine simu ya parokia, wengine posta, wapige mmoja mmoja polepole. Kwamba alitaka tu apate pa kuanzia.

"Ungenidanganya kwa rangi, Jovin, ningekubali," Elinipendo alisema. "Ungeniambia gauni hili ni jekundu, ningelivaa. Wewe unakwenda kunidanganya kwa sauti?"

"Sikutaka kukudanganya. Umekataliwa kwenye ofisi ngapi? Nilichoka kukuona unarudi hivyo."

"Waliokataa hawajaiona kazi yangu. Nilikuwa namtafuta mmoja tu aione. Na huyo mmoja umehakikisha naye hakuiona."

"Ungeanza, wangeiona baadaye."

"Baadaye lini? Na haraka ilikuwa ya nini? Alhamisi kazi, Jumamosi mbege. Nani alikuwa anakukimbiza?"

Hapo Jovin alinyamaza, na kimya chake hakikuwa kile anachokipenda Elinipendo. Kilikuwa kimya cha mtu anayetafuta pa kutokea.

"Sema."

"Mama," akasema hatimaye. "Alisema mkwe asiyeona atampokea akiwa na mshahara wake. Bila hivyo, niendelee kutafuta."

Maji yalipita kwenye mfereji. Upande wa nyumba mbuzi alilia na Eunike akamkemea, sauti yake ikiwa karibu kuliko ilivyostahili, kwa hiyo mama alikuwa dirishani.

"Basi ulinitafutia mimi kazi," Elinipendo aliuliza, "au ulimtafutia mama yako mkwe?"

Alilingoja jibu kama opereta anavyongoja laini ya mbali, sikio lote likiwa kwake. Kama angesema neno moja la upesi, lolote, huenda angemrukia shingoni. Jovin alisema, "Eli," kisha akanyamaza.

"Siku ile ofisini kwenu uliniuliza ninajua kufanya nini. Nilikupenda kwa swali hilo. Uliacha lini kutaka jibu lake?"

Hakungoja tena. Alirudi ndani, akawaomba wageni radhi, akamwambia mama kwamba mbege isinywewe. Eunike, ambaye alikuwa na haki ya kusema nilikuambia, hakusema. Alipakua mtori akawapa wageni wote, Rogath pia, maana hata aliyekukosea haondoki kwako na njaa. Kisha Mzee Kornel akaamuru mtungi ubebwe. Kurudi na mbege iliyojaa, ukipita kwenye njia ya vihamba vya watu mchana kweupe, ni aibu isiyohitaji tarumbeta. Elinipendo alisikiliza nyayo zikishuka mpaka zile za Jovin zikapotea. Ndipo akalia, kwa hasira, kama mtu anayepiga chafya.

"Na kazi?" mama aliuliza baadaye. "Unaiacha nayo?"

"Sijui kama ni kazi, mama. Jumatatu nitaenda kuuliza."

Jumatatu Bwana Gidioni alimpokea kwa uchangamfu uliozidi. Elinipendo alimwambia waziwazi kwamba Alhamisi aliunganisha kwaya ya Kilema na vyumba vitupu. Meneja alikohoa. Akajitetea kwamba alimfanyia Jovin wema, na kwamba mambo yalikuwa yamepangwa bila matatizo. Angekaa pale kwenye swichibodi, amevaa vizuri, na Pamela wa mapokezi angekaa pembeni yake.

"Pamela angefanya nini?"

"Angeshika simu."

"Na mimi?"

Bwana Gidioni alisema wageni wa Ulaya wangefurahi kuona hoteli inawajali watu kama yeye.

Elinipendo alishika fimbo yake sawasawa. "Mimi nilikuja kutafuta kazi, bwana. Viti viko hata kwetu. Nipe swichibodi saa wanaposhuka watu wa mlimani. Pamela akae mbali. Nikishindwa nitaondoka mwenyewe, hutahitaji kuniambia."

Swichibodi ile ilikuwa ya zamani, imenunuliwa kutoka kwenye hoteli ya shirika la umma iliyouzwa. Simu ikiingia, kifuniko kidogo cha shaba huanguka mbele ya tundu la laini yake. Mwenye macho hukitazama, Elinipendo hukipapasa. Asubuhi ile vifuniko vilidondoka kama kahawa iliyoiva. Watu walikuwa wameshuka kutoka kileleni na kila mmoja alitaka kuzungumza na ndege yake, ubalozi wake, au mama yake. Alimkata Mjerumani mmoja katikati ya sentensi, akatukanwa kwa lugha asiyoijua, akaomba radhi kwa Kiingereza na kumrudisha hewani. Simu ya mpishi aliipeleka kwenye chumba cha maharusi. Jasho lilimtiririka mgongoni, vidole vikiwa vinakimbia kutoka kifuniko hadi waya, waya hadi tundu, na katikati ya zogo lile alijikuta anatabasamu. Hakuna hata mmoja aliyembariki.

Kulipotulia, Bwana Gidioni alikuja na sauti nyingine, kavu, isiyo na sukari. Alisema Elinipendo amekosea, na lile la mpishi hatalisahau. Alisema anampa wiki mbili, na akiendelea kukata wageni atamfukuza kama angemfukuza mtu mwingine yeyote.

Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake mtu kumtishia kumfukuza kazi. Alisikia raha mpaka akaogopa isionekane usoni.

Mchana Jovin akaja. Elinipendo alizitambua buti zake tangu mlangoni, zilivyosita kwenye zulia na kusogea tena. Moyo ulimruka, akaukalisha chini.

"Niko kazini," akasema.

"Najua. Nimesimama nje kwa muda. Nimesikia." Aliinama, akaweka kitu mapajani pake.

Elinipendo alikipapasa. Lilikuwa jani refu, laini, limefungwa fundo katikati. Sale. Mtu wa milima hii akiletewa sale hana budi kusamehe, hata kama aliyekosa amechoma nyumba. Wazee waliolikataa hakuna anayependa kusimulia yaliyowapata. Lakini sale huletwa na mtu mzima mwenye heshima, si mkosaji mwenyewe.

"Mzee Kornel yuko wapi?"

"Amekataa kunibebea. Amesema aibu ni yangu, nibebe mwenyewe."

Alilipitisha jani kidoleni, taratibu, akitafuta kama kuna hila kwenye fundo. Siku hizi alikuwa anatafuta hila kwenye kila kitu, na kuna mtu aliyesababisha.

"Sale halikataliwi," akasema. "Nimekusamehe. Kusamehe si kuolewa."

"Najua."

"Na wewe unajua kufanya nini, Jovin, ukiacha kunifanyia mimi?"

"Sijui," Jovin alisema. "Niulize tena baada ya mwezi."

Lilikuwa jibu baya kwa mchumba, lakini Elinipendo alilisikiliza mara mbili na hakulikuta na ufa. Mkono wake ulikuwa karibu kumfikia, karibu kabisa, kifuniko kimoja kilipodondoka. Akaupeleka mkono huko.

"Hoteli, habari za mchana."

"Nani huyo?" Ilikuwa sauti ya mwanamke mtu mzima, inapiga kelele kama aliyeko ng'ambo ya bonde. "Nimepanga foleni kwenye simu ya misheni tangu asubuhi, padre mwenyewe amenitangulia. Namtaka yule binti kipofu wa simu."

"Ndiye mimi. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ndiye wewe uliyerudisha mbege yangu?"

Elinipendo alifunika kinywa cha simu kwa kiganja. Damu ilimchemka upya. "Huyu naye umempanga?"

"Nani?" Jovin aliuliza. Kisha akaisikia sauti ile ikitoboa kiganja, ikiuliza mbona kimya, simu hizi zinakula pesa bure, na pumzi ikamkatika. Hapana. Pumzi ya namna ile haipangwi. Huyu kijana alikuwa anaogopa.

Akaondoa kiganja. "Nakusikia, mama."

"Mimi si mtu wa kuzunguka. Ni kweli nilisema mkwe asiye na mshahara simtaki. Bado nasema. Lakini sikumtuma mtu akadanganye, na huyo mjinga mwambie sijamaliza naye. Nikasema nipige mwenyewe nisikie kama kazi unaiweza, au ni hadithi. Mbona umechelewa kuitika?"

"Sikuchelewa, mama. Iliita mara moja."

"Mimi niliiona ndefu." Kikafuata kishindo, labda aliipiga simu mezani. "Haya. Mbege yangu imechachia humu ndani, nimewapa nguruwe, wanayumba. Nipike nyingine au nisipike? Sema upesi, watu wananisukuma."

Hakuna adabu hata chembe. Elinipendo alilishika sale mapajani, na kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi hakuona kitu cha kugeuza atazame chini yake. Kifuniko kingine kikadondoka, kisha kingine.

"Pika, mama," akasema. "Ila usiharakishe."

Akamkata, akaitika laini iliyofuata.